Mgeni na Vazi Lake



Katika miaka hii wako vijana wa mitaa yetu ya Tabora wanaokwenda kusoma ng'ambo, wala si wote wanaokwenda kusomea udaktari, uhandisi au theolojia. Wako wanaokwenda kusomea mavazi: kubuni mitindo, kukata kitambaa, kushona na kuuza. Habari ya namna hiyo ikitangazwa kanisani, na mchango ukiombwa, wako wazee wanaotikisa vichwa. Husema, "Cherehani ziko barazani hapa hapa sokoni, kwa nini mtoto apelekwe London kujifunza kushona?" Wengine wana hofu iliyo nzito zaidi: "Anaondoka akiwa mtoto wetu, atarudi akiwa mtu mwingine."

Hofu hiyo si ya kuchekwa. Ndani yake mna swali ambalo watu wenye hekima wamelifikiri tangu zamani: Je, mtu akibadili vazi lake ugenini, amejibadili yeye mwenyewe? Na kama amejibadili, amemkosea nani? Yatupasa tulifikiri swali hili pamoja, kwa kuwa Tabora ni mji unaolijua vizuri kuliko miji mingi.

SIKU ZA KWANZA

Tuzitazame siku za kwanza za kijana huyo. Kwetu amezoea kwamba asubuhi mtu hapiti mbele ya mlango wa jirani bila "Wangaluka" au "Shikamoo". Huko London anaingia katika treni ya chini ya ardhi pamoja na umati wa watu, na hakuna amwamkiaye. Hawamchukii, ndiyo desturi yao. Lakini mtu aliyelelewa kwa salamu, akikaa siku nzima bila salamu, huanza kujihisi kama kivuli. Sweta aliyonunuliwa na mama yake kwa upendo mwingi haizuii baridi ile. Hana budi kununua koti zito, tena kwa fedha aliyoipangia chakula.

Akifika chuoni anakuta kwamba vazi si sitara tu, bali ni neno. Kila mtu anasomwa kwa alichovaa kabla hajafungua kinywa. Naye anajiuliza: nivae kama wao, nipotee kati yao? Au nivae tofauti, nitazamwe kama kioja? Kisha huenda mwalimu wake akamwambia kwa heshima, "Tuonyeshe vazi la kwenu." Neno hilo ni jema, walakini ni mtego. Kwa maana vazi la kwetu ni lipi?

NJIA YA NGUO

Ndugu, tusijibu upesi. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kwenda hadi Ujiji, ilikuwa njia ya pembe za ndovu na, kwa huzuni kubwa, njia ya watumwa. Lakini misafara iliyoelekea bara ilichukua nguo kuliko kitu kingine chochote. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, kwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi ya hapo. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, nao hawakufika Kaze, ndiyo Tabora yetu, mpaka mwezi wa Novemba.

Na ndani ya mizigo ile mlikuwa na nini? Mlikuwa na merikani, nguo ya pamba isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Marekani, na ndiyo asili ya jina lake. Mlikuwa na kaniki, nguo iliyotiwa rangi nzito ya nili, iliyotoka Bara Hindi. Nguo ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mikono na kwa doti. Kwa nguo watu walinunua chakula, na kwa nguo walilipa hongo kwa watemi ili wapite salama.

Hata hivyo babu zetu hawakuwa watu wasiojua kufuma. Burton aliwakuta mafundi wa Unyamwezi wakifuma nguo za pamba, na Wafipa walisifika kwa kazi hiyo hiyo. Nguo za kigeni zilipozidi kuwa nyingi, mitambo ile ikanyamaza kidogo kidogo. Kanzu ilitufikia kutoka kwa Waarabu na watu wa pwani. Kanga nazo zikapigwa chapa Ulaya na Bara Hindi kwa miaka mingi kabla ya viwanda vyetu. Hata kitenge, ambacho leo tunakiita vazi la Kiafrika, mwanzo wake ni viwanda vya Uholanzi vya karne ya 19 vilivyoiga nguo za batiki za Java.

Basi anayemwambia kijana, "Vaa vazi la asili, usije ukajipoteza," na ayatazame kwanza maneno yake. Uenyeji wa vazi hautoki katika uzi. Kanga ni yetu kwa sababu tumepokelea watoto wachanga ndani yake, tumebebea wagonjwa, tumefunikia wafu wetu. Kitu cha mbali kimekuwa chetu kwa sababu tumeishi nacho. Na kama ni hivyo, basi koti la London nalo si adui. Hatari ya kijana, ikiwapo, haimo katika koti.

VAZI LASEMA, LAKINI HALISEMI YOTE

Wako watakaosema, "Kama ndivyo, vazi si kitu, kila mtu na avae apendavyo." Hapana, hatusemi hivyo. Tuwakumbuke watumwa wa Unguja na pwani. Waliofanya kazi mashambani walivikwa merikani au kaniki, na kufunika kichwa au kuvaa viatu kulihesabiwa kuwa heshima ya waungwana. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuiondoa hali ya utumwa Unguja, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki wakajifunga kanga, na wanaume wakavaa kanzu na kofia. Je, walijifanya watu wengine? Sivyo. Walikuwa watu huru mbele za Mungu siku zote. Sasa vazi lao lilisema ile kweli iliyokuwa imezuiwa isisemwe. Kwao kubadili vazi kulikuwa ni kutoka katika uongo na kuingia katika kweli.

Tukumbuke pia jambo la upande wa pili. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze siku ya kwanza ya Januari 1969, kuzuia sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kung'arisha ngozi. Nia iliyosemwa ilikuwa kulinda heshima ya utamaduni wetu. Lakini katika siku zile wako wanawake wa Dar es Salaam walioshambuliwa hadharani kwa sababu ya nguo zao. Basi tuulize: siku hiyo, ni nani aliyekuwa uchi? Ni yule mwanamke aliyevaa sketi fupi, au yule kijana aliyevaa vizuri akamnyang'anya mwenzake heshima yake?

Kwa hiyo twaona mambo mawili. La kwanza, vazi lina neno, nalo laweza kusema kweli au uongo. La pili, vazi halisemi yote yaliyo ndani ya mtu. Anayehukumu kwa vazi peke yake atakosea, awe anahukumu fupi kwa refu au geni kwa zee.

MGENI ALIYEFIKA LONDON

Yuko msafiri mmoja wa njia yetu ambaye habari zake zinatufaa. Jacob Wainwright alikuwa Myao. Alitolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa akiwa kijana mdogo, akasomeshwa Nasik huko Bara Hindi, katika makao ya Church Missionary Society. Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa watu waliopelekwa kumfuata Dk. David Livingstone, aliyekuwa akiwangoja Kwihara, karibu kabisa na hapa tulipo. Mwezi wa Agosti wakaondoka naye. Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Susi na Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, naye Jacob akasoma ibada ya maziko na kuchonga maandishi katika gome la mti ule. Kisha wakauchukua mwili kwa miguu, mwendo wa miezi tisa, kuupeleka pwani.

Walipopita tena Unyanyembe mwezi wa Oktoba 1873 walimkuta Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wamzike hapa hapa. Walikataa. Mbele ya hapo, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Ndipo wakafanya jambo ambalo wasomaji wetu wataliona la ajabu. Walifunga mabua ndani ya nguo kwa mfano wa maiti, wakawatuma watu kama wanaourudisha mwili Unyanyembe. Mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane kama robota la nguo la msafara. Hivyo Livingstone akaimaliza njia ya nguo akiwa yeye mwenyewe mzigo wa nguo.

Jacob alisafiri na jeneza hadi Uingereza. Meli ilifika Southampton tarehe 15 Aprili 1874. Tarehe 18, siku tatu tu baadaye, alikuwa ndani ya kanisa la Westminster Abbey, mmoja wa watu wanane walioshika pembe za kitambaa cha jeneza, mbele ya wakuu wa Uingereza. Hizo ndizo siku zake za kwanza katika mji mkuu ule. Alikuwa amevaa mavazi ya Kiingereza, jina lake lilikuwa la Kiingereza, na ibada ilisomwa kwa Kiingereza. Mtu aliyemtazama kwa mbali angeweza kusema, "Huyu ameachana na kwao." Lakini alikuwa ametimiza neno ambalo yeye na wenzake walilishika tangu kwa Chitambo. Baadaye alirudi Afrika ya Mashariki, akafa mwaka 1892 huko Urambo, katika mkoa wetu huu.

KUSITIRI NA KUKANA

Hapa ndipo tunapofika kwenye moyo wa jambo. Je, wale wasafiri wa Kasekera walisema uongo kwa robota lile? Ndiyo, waliwadanganya wenyeji, wala hatuna haja ya kulipamba. Lakini angalieni walichokificha na sababu ya kukificha. Waliuficha mzigo ili wasiutupe. Kama wangetaka raha, wangemzika Livingstone njiani, wakaenda zao na mishahara yao. Waliufunika kwa sababu walikuwa bado ni wake.

Sasa mtazameni mtume Petro katika ua wa kuhani mkuu (Mathayo 26). Hakubadili vazi lolote. Alikuwa na nguo zake zile zile za Galilaya, na hata matamshi yake yalimtambulisha. Kwa nje alikuwa yule yule; lakini kwa kinywa chake alisema hamjui mtu yule. Wale walibadili funiko wakautunza mzigo. Petro aliliacha funiko lilivyo akautupa mzigo.

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno mawili yanayotusaidia: kusitiri na kukana. Kusitiri ni kufunika kitu kwa sababu kina thamani au kwa sababu si saa yake. Kukana ni kusema kitu hicho si changu. Vazi ni kazi ya kusitiri tangu mwanzo. Mungu mwenyewe aliwavika Adamu na Hawa kabla hawajatoka bustanini (Mwanzo 3:21). Kijana anayevaa koti la wenyeji, akajifunza kupanda treni kimya kama wao, akaitikia jina lake hata likitamkwa vibaya, anajisitiri. Hilo si kosa, na wahenga walisema ukifika mji wa chongo, fumba jicho lako moja. Angalieni, walisema fumba, hawakusema ling'oe. Lakini kijana anayeulizwa baba yake hufanya kazi gani, akaona haya kusema ni mkulima wa tumbaku wa Sikonge, akataja kazi nyingine, huyo ameanza kukana, hata kama amevaa kitenge toka kichwani hadi miguuni.

Habari za Yusufu zasema hayo hayo. Alichukuliwa Misri na msafara wa wafanya biashara, baada ya kuvuliwa kanzu yake na ndugu zake. Huko alivikwa kitani safi na kupewa jina la Kimisri, hata ndugu zake walipokuja kununua nafaka hawakumtambua. Lakini yeye aliwatambua, na alipowasikia wakisemezana kwa lugha yao aligeuka akalia (Mwanzo 42:24). Hiyo ndiyo alama ya mtu asiyepotea ugenini. Tusiulize kama sisi tutamtambua kwa vazi lake. Tuulize kama yeye atatutambua sisi, na kama moyo wake utasikia kitu.

MSTARI WA DANIELI

Je, hakuna mpaka? Uko. Danieli na wenzake walipopelekwa Babeli walikubali elimu ya Wakaldayo na kubadilishwa majina; lakini chakula cha mfalme walikikataa (Danieli 1). Danieli hakukataa kila kitu, wala hakukubali kila kitu. Aliazimu moyoni mahali pa kusimama kabla meza haijaandaliwa. Vivyo hivyo kijana wetu na aujue mstari wake kabla ya kupanda ndege. Asiposhika mstari wake mwenyewe, atapangiwa na wengine.

Na kwa mwanafunzi wa mavazi iko mitego miwili ambayo wenzake wa masomo mengine hawakutani nayo kwa kiasi hicho. Mtego wa kwanza ni haya: kuona kwamba cha kwao ni kichafu na cha nyuma, asikitaje kamwe. Mtego wa pili unafanana na fahari, nao ni mbaya vilevile: kukiuza cha kwao kwa uongo. Akiombwa aonyeshe vazi la kwao, aweza kubuni Afrika ya ngozi na manyoya ambayo mama yake hajapata kuiona, kwa sababu ndiyo inayopendwa na wanunuzi. Aliyeona haya ameikana nyumba yake. Huyu naye ameifanya kioja. Afadhali aseme kweli: hapa ni merikani, hapa ni kaniki, hapa ni kitenge; vilitoka mbali, nasi tuliishi ndani yake hivi na hivi. Kweli hiyo ina utajiri wa kutosha kumpa kazi ya maisha yake yote.

Mfano wa namna hiyo tunao. Mwalimu Julius Nyerere aliacha darasa lake katika Shule ya Mtakatifu Maria hapa Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952. Alijifunza mengi ya wenyeji wake. Kisha mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Aliwachukua watu wa kitabu kile akawavika Kiswahili. Alichokwenda kukichukua alikileta nyumbani kikiwa kimeshonwa kwa kipimo chetu.

WAJIBU WETU

Turudi sasa kwa wazee waliotikisa vichwa. Kuhusu kazi yenyewe, tusiidharau. Bwana alimjaza Bezaleli roho yake kwa ajili ya kazi ya mikono, na pamoja naye mafundi wa kufuma na kutarizi (Kutoka 35). Dorkasi alipokufa Yafa, wajane hawakumwonyesha Petro cheti chochote; walimwonyesha nguo alizowashonea (Matendo 9:39). Kijana akirudi na kipimo hicho, yaani kwamba yuko mjane au mtoto wa shule aliyesitirika kwa kazi yake, mchango wetu haukupotea. Akirudi na majina ya wabunifu mashuhuri tu, tutakuwa na haki ya kumwuliza maswali.

Lakini sisi nasi tuna deni. Kwanza, tusimpe msafiri orodha ya makatazo peke yake. Umoja wa Akina Mama na wampe maombi, na baadhi yetu wampigie simu katika juma lile la kwanza, kwa maana ndilo juma gumu. Pili, akirudi amevaa tofauti, tusimhukumu mlangoni. Tumpe muda tusikie kama bado anatutambua. Tatu, tukumbuke kwamba Tabora nayo ni ugenini kwa wengine. Wako wanafunzi wa vyuo vya mji wetu waliotoka mikoa ya mbali, wanaoketi viti vya nyuma kanisani bila kusalimiwa na mtu. Wako jamaa za waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapokelewa Ulyankulu, wengi wao sasa raia wenzetu, ambao bado wapo wanaowaita wageni. Tukiulaumu mji wa London kwa kutosalimia, na tuhesabu kwanza ni nani tuliyempita Jumapili iliyopita. Bwana wetu alisema atahesabu kama alipokelewa yeye mwenyewe, na kuvikwa yeye mwenyewe (Mathayo 25).

Basi, kwa swali letu tumejibu hivi: kubadili vazi si kubadili moyo, wala kulishika vazi si kuushika moyo. Kosa ni kuutupa mzigo uliokabidhiwa, kwa vazi lolote lile.

Tuwaombee wote walio safarini kwa ajili ya masomo: Ee Mungu, uliyewavika wazazi wetu wa kwanza walipotoka nyumbani, wasitiri watoto wetu katika miji ya mbali, wape koti la kuzuia baridi na rafiki wa kuwaamkia, uwalinde wasikukane wewe wala watu wao, na sisi tuliobaki, utufundishe kumpokea mgeni aliye mlangoni petu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.